Betri ya Lithiamu Chini ya Boneti

Katika miaka hii ambayo betri za lithiamu zimeenea katika simu za mkononi, katika taa za jua za vijijini, katika pikipiki za umeme za Nairobi na Kigali, na hata katika makasha makubwa ya kuhifadhi umeme wa majumbani, haishangazi kwamba mwenye gari naye ameanza kujiuliza kwa nini aendelee kubeba chini ya boneti sanduku zito la risasi na tindikali, lenye kuota ukungu mweupe na wa kijani kwenye ncha zake, ambalo asili yake ni ya zama za mababu wa mababu. Swali hilo ni la haki na linastahili jawabu la insafu, kwa sababu fedha anazotoa mtu kwa ajili ya betri moja si kidogo, na kwa sababu aghalabu wauzaji humpa mnunuzi nusu ya habari, wakainyamazia nusu ya pili. Rai yangu naiweka wazi mapema, ili msomaji ajue ninakoelekea: betri ya lithiamu ni chombo kizuri sana mahali pake, walakini gari lililoundwa kwa kutegemea risasi halibadiliki tabia kwa kubadilishiwa sanduku moja, na mwenye gari wa kawaida wa nchi zetu, mwenye Probox, IST, Noah au lori la dizeli, afadhali abaki na risasi yake, kwa shurti kwamba ajue itakwenda kuishia wapi siku itakapokufa.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alizitumbukiza bamba za risasi katika tindikali ya salfa, akapata betri ya kwanza iliyoweza kujazwa umeme tena baada ya kuishiwa. Wakati huo gari la petroli lilikuwa halijazaliwa, na hata lilipozaliwa halikuwa na haja ya betri kubwa, kwa kuwa injini iliwashwa kwa mkono: dereva alisimama mbele ya gari, akaingiza hendeli, akaizungusha kwa nguvu za mabega yake, na injini ilipokataa na kurudi nyuma, hendeli ilimvunja mkono. Madhara hayo yalianza kukoma baada ya Mmarekani Charles Kettering, wa mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, kubuni stata ya umeme ambayo kampuni ya Cadillac iliifunga katika magari yake ya mwaka 1912. Kwetu hendeli ilikawia zaidi. Wazee waliopata kuendesha Land Rover za zamani wanalikumbuka tundu lake kwenye bampa ya mbele, na walishukuru kuwa nalo siku betri ilipowasaliti porini. Nayasimulia haya kwa sababu tangu mwaka ule gari limejengwa kwa kipimo cha risasi: alteneta ikapangiwa volti ambazo risasi inazipokea bila kudhurika, nyaya zikapewa unene unaolingana na mkondo wake, na katika magari ya karibuni kompyuta nayo ikafundishwa kuisoma hali ya risasi na kuamua lini ichajiwe na lini iachwe. Anayeiondoa betri hiyo anaondoa kitu ambacho vifaa vingine vyote vilipimwa kwacho.

Kazi yenyewe ya betri ya stata inafanana na ya hamali wa bandarini aitwaye kuliinua gunia moja zito kupita yote, ambaye hutakiwa atoe nguvu zake zote kwa nukta chache, kisha akae kitako apumzike. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampia mia na zaidi, na ya lori la dizeli mara kadhaa ya hizo, lakini kwa sekunde mbili au tatu tu. Tukikadiria ampia 200 kwa sekunde tatu, kiasi kilichotumika hakifiki robo ya ampia-saa moja, ilhali betri ya gari dogo hubeba ampia-saa 40 hivi. Na injini ikishawaka, alteneta huilipa betri deni hilo kabla gari halijafika mbali. Ndiyo maana ile sifa kubwa ya lithiamu, kwamba yaweza kukamuliwa karibu yote na kujazwa tena mara elfu mbili na zaidi bila kuchakaa sana, ni sifa inayoifaa nyumba yenye sola, bajaji ya umeme na mashua yenye friji ya samaki, lakini chini ya boneti haipati kazi ya kufanya. Kinachombakia mwenye gari ni wepesi wa uzito, uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kutoka katika sanduku dogo, na ile tabia ya kutopoteza chaji upesi inapowekwa bila kutumika. Haya ni mambo ya kweli wala siyadharau; nasema tu kwamba mnunuzi ayajue kwa kiasi chake.

Lithiamu si kitu kimoja. Betri ya kwanza ya ioni za lithiamu kuuzwa sokoni ilitolewa na kampuni ya Sony mwaka 1991, nayo ilitumia kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya yale yanayotumika duniani hutoka Katanga, kwa ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi. Betri za namna hiyo zina volti 3.6 au 3.7 kwa kila seli, na hesabu yake haikubaliani na gari: seli tatu ni pungufu, na nne zimezidi. Aina inayouzwa kuwa badala ya betri ya stata ni nyingine, ile ya fosfeti ya chuma, iliyotokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Naye Goodenough, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi zao za miaka mingi juu ya lithiamu. Seli moja ya fosfeti ya chuma ina volti 3.2, hivyo nne zikiungana ni 12.8, seli sita za risasi zikiungana ni 12.6. Mlango wote wa biashara hii umefunguliwa na ukaribu wa namba hizo mbili. Kobalti haimo kabisa katika betri hiyo, ingawa lithiamu yenyewe huenda siku moja ikatoka Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, mji uliojulikana zamani kwa bati na ambao chini ya ardhi yake limelala mojawapo ya mafungu makubwa ya lithiamu duniani.

Tofauti ya aina hizi si jambo la wanakemia peke yao. Mwezi Januari mwaka 2013 ndege ya Boeing 787 ya shirika la Japan Airlines, ikiwa imeegeshwa katika uwanja wa Boston, ilitoka moshi na moto katika betri iliyokuwa na kazi ya kuiwasha injini ndogo ya mkiani, yaani betri ya stata kwa maana kamili ya neno. Na siku chache baadaye ndege ya aina hiyohiyo, ya shirika la All Nippon Airways, ikatua kwa dharura huko Takamatsu kwa sababu ya betri yake kuu. Ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani kote, na zilirudi hewani baada ya betri zao kufungiwa ndani ya makasha ya chuma yenye njia ya kutolea moshi nje. Safari ya kwanza ya abiria baada ya katazo hilo ilikuwa ya Ethiopian Airlines, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, tarehe 27 Aprili 2013. Betri zile zilikuwa za kobalti. Fosfeti ya chuma ni tulivu zaidi, kwa kuwa haiiachilii oksijeni yake kwa urahisi inapopata joto, na kwa hilo tunaweza kuiamini zaidi. Lakini asidanganywe mtu kwamba haiwezi kuwaka, kwa sababu ndani yake mna kimiminika chenye kushika moto, na seli iliyotobolewa au kuchajiwa kupita kiasi hutoa gesi inayowaka.

Sasa na tutazame mahali ambapo wazo hili liliwahi kutekelezwa na watu wenye kila chombo cha kulitekelezea. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitangaza kwamba wanunuzi wa magari yake kadhaa ya mwendo kasi, miongoni mwao 911 GT3 na Boxster Spyder, wangeweza kuagiza betri ya lithiamu kwa ajili ya stata. Betri hiyo ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, ikiwa nyepesi kwa kilo 10 na zaidi kuliko ya risasi, na bei yake Marekani ilikuwa takriban dola 1,700. Waliipima kwa makini. Waliiwekea saketi ya ulinzi. Waliipa urefu na upana unaolingana na wa betri ya zamani ili ikae palepale. Kisha wakafanya jambo ambalo naliona kuwa ni uaminifu mkubwa wa kibiashara: walimpa mnunuzi, pamoja na ile ya lithiamu, betri ya kawaida ya risasi, wakamwambia aifunge wakati wa baridi kali. Mtengenezaji aliyelijua gari lake hadi skrubu ya mwisho alikiri kwa vitendo kwamba chombo chake kipya kina majira yake na mahali pake. Kilo 10 katika uwanja wa mashindano ni kitu cha thamani, kwa sababu pale hata sekunde hugawanywa vipande. Katika daladala lililobeba abiria na mizigo yao kutoka Mbagala hadi Kariakoo, kilo 10 ni uzito wa mfuko mmoja wa unga.

Baridi huidhuru lithiamu kwa namna ambayo haionekani kwa macho. Joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, seli inaweza bado kutoa umeme, ingawa kwa uzito, lakini ikilazimishwa kupokea chaji, lithiamu hushindwa kuingia mahali pake na kujipaka juu ya bamba ikiwa chuma halisi, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ndugu zetu wanaoishi Minneapolis au Toronto wanapaswa kulizingatia sana jambo hili, kwani dakika ile ile injini inapowaka asubuhi ya Januari, alteneta huanza kuisukumia betri chaji ilhali betri yenyewe bado imeganda. Baadhi ya watengenezaji hushauri taa ziwashwe kwa dakika chache kabla ya kupiga stata, ili mkondo mdogo uzipashe seli moto. Kwa Dar es Salaam au Mombasa nasaha hiyo haina kazi, na hata katika nyanda za Kitulo ambako sakitu huanguka, baridi yenyewe haidumu hadi mchana.

Adui wa betri zetu ni joto, nalo haliulizi kama ndani ya sanduku mna risasi au lithiamu. Kwa betri ya risasi mafundi wana kanuni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wake hukatika kwa takriban nusu. Ndiyo sababu wakazi wa Maskati na Dubai hununua betri mara nyingi kuliko jamaa zao wa Ulaya. Hapa msomaji angedhani kwamba lithiamu ndiyo dawa. Walakini seli nyingi za fosfeti ya chuma zimewekewa na watengenezaji mpaka wa nyuzi 60, na anayeshika boneti ya gari lililotoka kupanda Sekenke saa nane mchana, au lililokwama katika foleni ya Ubungo huku injini inanguruma, hahitaji kipimajoto ili ajue kwamba mpaka huo uko karibu. Yale magari ambayo betri yake haiko kando ya injini, kwa mfano Prius yenye betri nyuma kwenye buti, au Aqua yenye betri chini ya kiti cha nyuma, yana hali nyingine kabisa. Na kwa kuwa betri ndogo ya magari hayo haipigi stata, bali huziamsha tu kompyuta ili betri kubwa ishike kazi, lithiamu iliyotengenezwa makusudi inaweza kukaa humo kwa salama. Hyundai waliifikiri njia hiyo tangu mwanzo, wakaiunganisha betri ya volti 12 ya lithiamu ndani ya Ioniq ya mseto, pamoja na kitufe cha kuiamsha inapojizima. Tesla nao, kuanzia mwaka 2021, waliacha risasi katika magari yao mapya. Lakini hao wote walibadili betri na gari kwa pamoja.

Kitu kinachowaangusha watu wengi ni ile saketi ya ulinzi iliyofichwa ndani ya betri. Kila betri ya lithiamu ya kuaminika inayo. Kazi yake ni kuzikinga seli zisijazwe kupita kiasi, zisikamuliwe kupita kiasi, zisipate joto la kupita kiasi, na zisitoe mkondo uliozidi, na linapotokea mojawapo ya hayo, saketi hukata umeme mara moja kama mtu aliyekata waya kwa koleo. Katika betri ya sola ya ampia-saa 100, ambayo siku hizi inapatikana madukani na ambayo baadhi ya watu hushawishika kuihamishia garini, saketi hiyo aghalabu imepangwa kuruhusu ampia 100 tu. Stata ikidai 200, betri inaweza kujizima. Dereva anasikia mlio mmoja, kisha kimya. Fundi anaweka mita na kusoma sifuri. Na betri nzima ya bei kubwa inahukumiwa kuwa imekufa, hali imejilinda tu kama ilivyoamriwa. Hilo ndilo dogo. Lililo kubwa ni kukata umeme wakati injini inanguruma na alteneta inachaji, kwa kuwa alteneta iliyokuwa ikiusukuma mkondo ndani ya betri hupoteza ghafla mahali pa kuumwaga, na volti katika nyaya hupanda kwa kitambo kifupi hadi makumi, zikazifikia kompyuta ya injini, redio na taa. Betri ya risasi, kwa uzembe wake uleule tunaoulaumu, huyameza mapigo kama hayo, na ikizidishiwa chaji huchemka, hupunguza maji, na hutoa harufu ya mayai mabovu, hata dereva asiyejua lolote la ufundi akatanabahi kwamba kidhibiti cha alteneta kimeharibika.

Naithamini sana sifa hiyo ya risasi. Inazeeka kwa taratibu na kwa kutoa habari: stata huanza kuvuta kwa uchovu asubuhi, taa hufifia injini ikiwa katika mwendo wa chini, na mita ya volti humwambia fundi hadithi nzima, kwa kuwa 12.6 ni betri iliyoshiba na 12.2 ni iliyobakia nusu. Lithiamu ya fosfeti hukaa kwenye volti 13.2 au karibu yake kwa sehemu kubwa ya chaji yake, ikiwa imejaa robo tatu au imebakia robo, na mita ya kawaida haiwezi kutenganisha hali hizo. Fundi wa barabarani wa Manzese au wa Changamwe, ambaye ujuzi wake wote umejengwa juu ya namba za risasi, anaondolewa mizani yake bila kupewa mizani nyingine. Hata mashine zake za kuchaji ni hatari kwa betri hii, kwani nyingi hazina kidhibiti, na nyingine hupiga mapigo ya volti 15 na zaidi ili kuyeyusha ukoko wa salfa kwenye bamba za risasi, tiba ambayo kwa lithiamu ni madhara matupu. Katika nchi ambazo gari huokolewa na fundi aliye karibu zaidi na mahali lilipozimikia, huu si udhaifu mdogo.

Nimesema kwamba wauzaji hunyamazia nusu ya habari, na sasa niitaje nusu hiyo. Zipo betri nyingi za lithiamu za stata ambazo namba kubwa iliyoandikwa ubavuni si uwezo wake halisi, bali ni uwezo wa betri ya risasi ambayo muuzaji anadai kwamba hiyo yake yaweza kushika mahali pake. Betri imeandikwa 60, kwa hesabu hii ya usawa, na ndani yake mna ampia-saa 20 za kweli. Kwa kupiga stata madai hayo yanaweza kuwa sahihi, kwa maana lithiamu hutoa mkondo mkubwa kuliko umbo lake. Lakini kwa gari lililoegeshwa, madai hayo ni ghiliba. Gari la siku hizi halilali moja kwa moja: king'ora, saa, kompyuta, na kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho mabenki na makampuni ya bima hulazimisha kifungwe, vyote hunyonya umeme usiku na mchana. Vikinyonya kwa jumla miliampia 50, ambacho si kiwango cha ajabu, kila siku huondoka ampia-saa 1.2, betri yenye 60 za kweli ingehimili, kwa hesabu ya karatasi, siku 50, na ile yenye 20 ingeisha katika siku 16 au 17. Mfanyabiashara aliyekwenda Guangzhou kufunga mzigo, au mtu aliyekwenda Makka kuhiji, atarudi alikute gari lake limekuwa sanduku la bati. Betri bora za namna hii hujizima zikiwa bado na akiba ya kuwasha injini mara moja, na zina kitufe cha kuiachilia akiba hiyo. Asiyeona kitufe hicho asidhani kimo.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa nguvu, kwamba mashirika ya viwango ya Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya yalazimishe kila betri ya stata inayoingia bandarini ichapishwe uwezo wake halisi wa ampia-saa, mkondo unaoruhusiwa na saketi yake, na mipaka ya joto la kuchajiwa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Kipimo cha nguvu za stata kinachoandikwa kwenye betri nyingi hupatikana kwa kuijaribu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna dereva wa Tanga atakayeiona akiwa nyumbani kwao. Mtu ananunua kwa kufuata namba isiyohusu maisha yake, na ile inayomhusu haimo.

Kuna hoja moja dhidi ya rai yangu ambayo uzito wake naukubali wote. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa ni salama. Huko Thiaroye, katika viunga vya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya mchanga uliochafuliwa na kazi ya kuvunja betri kuukuu za magari. Mombasa yetu wenyewe ina Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014 baada ya watu kuugua na wengine kufa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi damuni, ndiye aliyesimama na wenzake kulipigania jambo hilo, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Kila mmoja wetu aliyeuza betri kuukuu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila kuuliza inakwenda wapi ana sehemu katika habari hiyo, na haifai tuikwepe.

Je, basi lithiamu si njia ya kuiokoa nafsi? Ningependa iwe hivyo, na kwa upande wa sumu fosfeti ya chuma ina unafuu mkubwa, kwa sababu haina risasi wala kobalti. Lakini betri ya risasi ina jambo moja linaloisaidia: hata ikifa ina bei. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi inayouzika, kwa hiyo haiachwi njiani. Yupo wa kuichukua, na kazi iliyobaki ni ya serikali kuhakikisha kwamba anayeichukua anaipeleka kwenye kiwanda chenye vichujio vya moshi na wafanyakazi wenye kinga, wala si kwenye tanuru la uani. Fosfeti ya chuma haina thamani ya kumvuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Itatupwa jaani pamoja na maganda ya ndizi, itagongwa na katapila, au itapasuliwa kwa nyundo na kijana anayetafuta shaba kidogo ndani yake, ikiwa bado na umeme wa kutosha kumchoma uso. Mpaka hapo tutakapokuwa na mahali panapojulikana pa kuzipokea, kila betri ya lithiamu tunayoifunga kwa hiari garini, pasipo haja ya kweli, ni deni tunalowaachia watu wa jaani.

Mwenye haja ya kweli simzuii. Dereva wa mashindano ya magari atanunua wepesi, na ana haki. Mwenye gari la mseto lenye betri mbali na injini anaweza kuipata iliyotengenezwa kwa gari hilo, akafaidi miaka mingi. Wengine wote walioazimia, kwanza waipime alteneta injini ikiwaka, taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa. Ikibaki kati ya volti 13.8 na 14.6, gari linafaa kufikiriwa, ikivuka 14.6 au ikashuka chini ya 13.8, au ikiwa alteneta ni ya zile zinazoongozwa na kompyuta na kubadilika kila dakika, waache. Wachague iliyoandikwa kuwa ni ya stata, wasihamishe ya sola, na wanunue pamoja nayo chaja yake.

Na kuhusu risasi, Marekani ina desturi ambayo tungeiiga kesho bila gharama kubwa: katika majimbo mengi muuzaji humtoza mnunuzi wa betri mpya amana ndogo, na humrudishia anapoleta ile kuukuu, hivyo betri hurudi dukani na kutoka dukani hurudi kiwandani kwa njia inayofuatika. Maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, tayari hupokea betri kuukuu na kupunguza bei. Kinachokosekana ni daftari la kuonyesha zilikokwenda, na mkaguzi wa kulisoma. Mwenye betri ya lithiamu iliyokufa leo, kabla daftari kama hilo halijawa na ukurasa wake, azifunge ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, aiweke kivulini mbali na maji na watoto, na ampe mtu anayepokea taka za vifaa vya umeme peke yake.